Mama na Punguzo la Bima

Bampa la nyuma la gari ya Mama lilikuwa na mikwaruzo mitatu, na miwili kati yake ilikuwa na maelezo. Wa kwanza, alisema, ni mbuzi wa kijiji cha Sidab. Wa pili ni mtu asiyejulikana aliyemgusa nje ya soko la Ruwi akakimbia. Wa tatu hakuutolea maelezo yoyote. Nilipomwuliza aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akanambia, "Kwani wewe siku hizi umeandikwa uaskari?"

Mbuzi sikumwamini tangu siku ya kwanza. Gari yake ilikuwa nyeupe, na mkwaruzo ule wa mbuzi ulikuwa umeacha rangi ya buluu.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tukikaa Wadi Kabir, Maskati, mimi na yeye tu, katika nyumba aliyoijenga baba kabla hajafariki. Mimi nilikuwa nimeshapita arubaini, nimerudi kwa mamangu baada ya ndoa yangu kuvunjika, nafanya kazi wizarani. Yeye alikuwa ameshapita sitini na tano. Alikuwa mkunga mstaafu. Udereva alijifunzia Unguja, akiendesha kushoto, na tulipohamia Maskati alibadilisha upande kwa wiki moja. Tangu hapo akaona kuwa hana tena la kufundishwa juu ya barabara. Miaka ile ya sabini, alipokuwa akiitwa kwenda kuzalisha, wanawake wenye kuendesha walikuwa wachache, na wanaume wakisimama kumtazama akipita. Yeye hakuwa na habari nao. Gari ndiyo ilikuwa miguu yake.

Kila Alkhamisi asubuhi akienda Sidab kununua samaki. Soko la Mutrah lilikuwa kubwa zaidi na si mbali, lakini samaki wa kule hakuwaamini. Akisema wanalazwa kwenye barafu kisha wanamwagiwa maji ili waonekane wamevuliwa alfajiri. Akishanunua akipita nyumba moja baada ya nyingine kuwaona wanawake aliowazalisha, na wale waliozaliwa mikononi mwake ambao sasa walikuwa na watoto wao. Akirudi adhuhuri na nguru kwenye buti na habari za mji mzima.

Alkhamisi moja, siku ambayo wizara hufungwa, nilimfuata. Sijisifu kwa jambo hilo. Nilimwacha atoke, nikasubiri mpaka gari yake ikate kona ya duka la mkate, kisha nikatia gari yangu moto. Nilijiambia nataka kujua tu. Alikwenda vizuri, taratibu, mikono miwili kwenye usukani. Tulipofika kwenye kipilefti, maana hivyo ndivyo tulivyokuwa bado tukiita ingawa huku mtu anashika kulia, akahama kutoka mstari mmoja kwenda mwengine bila ya kugeuza kichwa hata kidogo. Lori la maji lililokuwa ubavuni mwake likapiga honi ndefu na kufunga breki. Mama akaendelea na safari yake kama kwamba honi ile alipigiwa mtu mwengine.

Nilimfuata mpaka karibu na Sidab, kisha nikageuza gari nikarudi nyumbani. Alipoingia adhuhuri na samaki wake nilimpokea mfuko, nikamwuliza njia ilikuwaje.

"Njia iko pale pale," alisema.

Wiki chache baadaye bima yake ikakaribia kwisha, na bila ya bima huwezi kuandikisha gari upya. Tukaenda pamoja kwenye ofisi ya kampuni ya bima, Ruwi. Tulihudumiwa na kijana mmoja wa Kiomani, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inang'ara, kofia imekaa sawasawa. Alitueleza kwa Kiarabu kwamba kuanzia mwaka ule madereva waliopita umri wa miaka sitini na tano wataongezewa malipo ya bima. Lakini, alisema, kampuni imeanzisha mafunzo ya usalama barabarani kwa ajili yao, asubuhi mbili tu. Anayefaulu anapewa cheti, nyongeza inafutwa, na juu yake anapata punguzo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Kijana huyu ananuka uongo."

"Mama, tusikilize kwanza."

"Nisikilize nini? Lini umemwona tajiri anakukalisha chini akufundishe namna ya kumlipa kidogo? Hawa wanataka kuwajua wazee wote wanaoendesha. Wakishatuandika wanatupeleka trafiki tukanyang'anywe leseni. Na mtazame macho yake, hayatulii hata kidogo."

Yule kijana akamaliza kubana karatasi zake, akaziweka mezani mbele yetu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka cha bara, "Macho yangu hayatulii kwa sababu hiki kiyoyozi kinanipuliza usoni, mama. Shikamoo."

Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mama hakubadilika uso.

"Marahaba," alisema. "Kumbe unasikia."

"Nimezaliwa Bujumbura, mama. Tumehamia huku mimi nikiwa na miaka kumi."

"Wazee wako wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Wasalimie." Akachukua ile karatasi ya mafunzo, akaikunja mara nne na kuitia mkobani, akainuka.

Kwenye gari nilidhani atacheka. Wala hakucheka. Aliweka ufunguo lakini hakuitia gari moto. "Umemwona yule? Mtu anayekijua Kiswahili, akakuacha useme mpaka umalize, ndipo akuamkie. Huyo si wa kuaminiwa."

Nataka niseme kweli hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Habari ya mafunzo nilipoisikia sikufikiria punguzo. Nilifikiria lile lori la maji. Nilifikiria kwamba patakuwa na mtu, mtaalamu, si mimi, atakayekaa na Mama garini na kuona nilichokiona, na ambaye atamwambia kile ambacho mimi sikuthubutu kumwambia. Kwa hivyo nyumbani nilianza kumbembeleza aende, na kila nilipofungua mdomo ilikuwa punguzo, punguzo. Nilimwonyesha karatasi. Nikamwambia ni haki yake, kwa nini awaachie.

Alinisikiliza siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, tukichambua mchele, akasema bila ya kuinua macho, "Tangu lini wewe ukaijali bima yangu?"

"Nakujali wewe, Mama."

"Hilo nnalijua. Nnauliza la bima."

Nikainamia mchele. Yeye akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mie nishaona watu wanaandikwa majina, mwanangu. Kule kwetu Unguja, mwaka ule wa mapinduzi. Mtu anakuja mlangoni na daftari, anacheka nawe, anakuuliza nani na nani wanalala humu. Kwanza unaandikwa. Umeandikiwa nini, utaambiwa baadaye." Akaupepeta mchele. "Lakini nitakwenda. Nitakwenda nikaone wanataka nini."

Basi alikubali kwenda kuwapeleleza. Na mimi, siku iliyofuata, nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia huona haya. Nikiwa ofisini nilipiga simu kwenye ile nambari ya mafunzo, nikaomba nizungumze na mwalimu. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya trafiki, sauti yake nzito na ya polepole. Nilimtajia jina la mamangu. Nikamwambia nina wasiwasi na uendeshaji wake, na namwomba amtazame vizuri.

Akaniuliza, "Unataka nimwangushe?"

"Hapana. Nataka umtazame vizuri, basi."

"Nawatazama wote vizuri," alisema, na sauti yake ilinipa kujua kwamba amenielewa zaidi ya maneno yangu.

Mafunzo yalifanywa mtaa wa Ghala, kati ya magereji na maghala, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la matairi. Mlio wa mashine ya kusagia chuma ulikuwa ukituingilia dirishani, na kila gari lilipopandishwa jeki chini yetu sakafu ikitikisika. Wanafunzi walikuwa watano, wanaume wanne na Mama. Jamaa waliowasindikiza waliruhusiwa kukaa nyuma, nami nikakaa. Ubavuni mwa Mama alikaa mzee kutoka Yiti, mwembamba, aliyekuja na pikapu yake huku vumbi la njia ya milimani lingali kwenye kilemba chake. Alimwambia Mama kwa Kiarabu kwamba mwanawe amemdanganya kuna chakula cha mchana cha bure.

"Hata mimi nimedanganywa," Mama alimjibu, "ila sijajua bado kwa kitu gani."

Akaniangalia mimi nyuma. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Kwanza waligawiwa fomu. Jina, umri, nambari ya leseni. Ukurasa wa pili ukauliza maradhi, dawa, na jina la daktari wako. Wazee wengine wakaanza kujaza. Mama akaweka kalamu chini.

"Hii ya pili sijazi."

"Kwa nini, khalati?" mwalimu akamwuliza, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu, kwa heshima.

"Mimi nimeandika karatasi za wagonjwa miaka thelathini. Najua nani anatakiwa azisome na nani hatakiwi. Nyinyi mnauza bima."

Mzee wa Yiti naye akaiweka chini kalamu yake. Mwalimu akawatazama wote wawili, akajikuna shingo, akasema ukurasa wa pili si lazima. Hapo hapo wale watatu waliokwisha kuujaza wakaomba warudishiwe. Nilimwona Mama anatulia kwenye kiti kama mtu aliyepata alilolifuata.

Kisha vikaja vipimo vya macho. Ubao wa herufi ulikuwa umetundikwa ukutani tangu tulipoingia, na nilikuwa nimemwona Mama asubuhi ile amesimama mbele yake muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nikajua amezihifadhi. Alipoitwa alizisoma zote mpaka mstari wa chini bila ya kusita. Mwalimu, ambaye naye hakuwa mtoto, akatoa ubao mwengine chini ya meza, akautundika, akasema, "Tena, tafadhali."

Mama akausoma na huo. Wote, mpaka mstari wa chini, kwa jicho la kulia kisha la kushoto.

Nilivunjika moyo. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikajihisi nimevunjika moyo kweli, kisha nikaijua hisia ile ni ya nini. Mtoto gani anahuzunika kwa kuwa mamake ana macho mazuri?

Asubuhi ya pili ilikuwa ya barabarani. Kila mmoja aliendesha gari yake mwenyewe, mwalimu akikaa pembeni yake. Zamu ya Mama ilipofika nilisogea nikakae kivulini kumsubiri, lakini yeye akafungua mlango wa nyuma.

"Huyu naye apande," alimwambia mwalimu. "Anapenda kunifuata. Alkhamisi ile alinifuata mpaka karibu na Sidab, amejificha nyuma ya teksi. Nilimwona kwenye kioo."

Niliingia nikafunga mlango. Hakuwahi kunigusia. Wiki zote zile, tukila pamoja, tukichambua mchele, alikuwa analijua na amelinyamazia.

Aliendesha kati ya magereji ya Ghala, malori yakitoka na kuingia, vibarua wakivuka wamebeba milango ya magari vichwani. Alikuwa makini. Akisimama panapostahili kusimama. Tulipotokea kwenye barabara pana mwalimu akamwambia ahamie mstari wa kushoto. Mama akawasha taa, akatazama kioo, akaanza kuhama. Nyuma yetu gari ikapiga honi. Mwalimu akaushika usukani kwa mkono mmoja, akaurudisha taratibu.

"Egesha hapo kando, khalati."

Akaegesha. Kisha mwalimu akamwambia, "Geuza kichwa utazame bega lako la kushoto."

Mama akageuza kidogo.

"Zaidi."

"Hapo ndipo mwisho."

"Na kulia?"

Upande wa kulia ulikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikauona mshipa wa shingo unavyosimama, na mkono wake unavyoukaza usukani kwa maumivu. Mwalimu akamwuliza kwa muda gani amekuwa hivyo. Akasema miaka miwili, au zaidi. Nyumba moja na mimi, meza moja, miaka miwili, na sikujua. Nilikuwa nikimwangalia bampa lake.

"Umemwonyesha daktari?"

"Nikimwonyesha daktari, huyu atajua." Alininyooshea kidole kwa nyuma bila ya kugeuka, maana hakuweza kugeuka. "Na akijua atanichukulia ufunguo."

Mwalimu akashuka, akalizunguka gari mpaka nyuma, akainama kwenye bampa. Aliporudi alimwuliza Mama juu ya ile rangi ya buluu. Mama akavuta pumzi. Akasema ni mlango wa duka la gesi, karibu na nyumbani. Alikuwa akirudi nyuma na hakuuona. Akaenda mwenyewe siku ya pili kumwomba radhi mwenye duka, na mwenye duka akakataa kulipwa kwa sababu mkewe amezalishwa naye. Wala hakutaja mbuzi.

"Macho yako ni mazuri kuliko yangu," mwalimu alimwambia. "Tatizo ni shingo. Kuna pembe ambayo kioo hakiioni, na mtu mwenye shingo nzima anaitazama kwa kugeuka. Wewe hugeuki. Hilo lina dawa." Kisha, Mungu amsamehe, akaongeza kwa nia njema kabisa, "Mshukuru binti yako. Yeye ndiye aliyenipigia simu akaniomba nikutazame vizuri. Asingenambia, pengine ningeridhika na macho."

Mama alitazama mbele, kwenye kioo cha gari, ambako palikuwa hapana kitu ila ukuta wa ghala.

Mwalimu alitufanyia wema mwingi siku ile. Alimbandikia Mama vioo viwili vidogo vya duara kwenye pembe za vioo vya pembeni, akamfundisha namna ya kuvitumia mpaka akavizoea. Alimwelekeza asirudi nyuma panapowezekana kutoka mbele. Akamtaka aahidi kumwona daktari wa viungo, na Mama akaahidi. Adhuhuri alimpa cheti chake. Mzee wa Yiti naye alipata chake, akanongʼona kwamba angependelea biriani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nazungumza peke yangu, juu ya joto, juu ya cheti, mpaka nikajichoka nikanyamaza. Tulipofika nyumbani alizima gari lakini hakushuka.

"Ulitaka aniangushe."

"Nilikuwa na khofu, Mama. Niliona lile lori."

"Ungenambia."

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia usoni pako," alisema. "Wewe umekwenda nyuma yangu." Akachukua mkoba wake na cheti chake. "Mie nikimshuku yule kijana wa watu wa ofisini, nikaishuku kampuni, nikamshuku na mwalimu. Wewe nilikuona kwenye kioo, nikasema huyu mwanangu, ana khofu, mwache. Kumbe."

Akashuka, akaingia ndani. Siku ile tulikula kila mtu kwa wakati wake.

Baada ya wiki tulirudi Ruwi kuchukua hilo punguzo. Alinitaka niende naye, jambo ambalo nililishukuru, ingawa njiani nilielewa alitaka shahidi tu. Kijana wa Bujumbura alitupokea kwa shikamoo, akakipokea cheti, akaleta karatasi ya kutia saini. Mama akavaa miwani ya kusomea. Alisoma kila neno, hata maandishi madogo ya chini, watu wakijipanga nyuma yetu.

"Hapa pameandikwa nini?" aliuliza kwa Kiswahili, kidole kikiwa juu ya mstari.

Kijana akainama. "Hapo ni kwamba unairuhusu kampuni kuuliza habari za afya yako, mama. Kila mwaka."

"Kumwuliza nani?"

"Hospitali."

Mama akachukua kalamu, akaukata ule mstari toka mwanzo mpaka mwisho, akatia saini chini, akamrudishia.

"Mama, hii mimi siwezi kuipokea hivi."

"Basi mpelekee anayeweza."

Akaenda nayo ndani. Tulisubiri muda mrefu. Mama alikaa wima, mkoba mapajani, hakunitazama. Nilidhani tutafukuzwa, na sehemu yangu moja, lazima niseme, ilianza kuwa upande wake. Kijana alirudi na karatasi ile ile, na muhuri juu yake. Mkubwa wake amesema sawa, kwa mwaka huu. Nyongeza ilifutwa na punguzo likatolewa, dogo, lakini lilikuwa la kweli. Kijana alikuwa anatabasamu. Nadhani alifurahi kwa ajili yake. Mama alimwambia amsalimie tena mamake, na safari hii akamwuliza jina la mamake.

Ningependa kusema kwamba hapo alikubali kuwa shaka zake zilikuwa za bure. Lakini mwaka uliofuata tulipokwenda tuliambiwa mafunzo yamesitishwa, na punguzo halipo tena. Nyongeza ndiyo iliyobaki. Na kabla ya hapo, miezi michache tu baada ya Ghala, simu ya nyumbani ilianza kulia. Watu tusiowajua, wanamwita Mama kwa jina lake kamili, wanamuuzia bima ya afya ya wazee, bima ya safari ya Umra, bima ya hiki na kile. Kila akiweka simu chini alikuwa akinitazama kidogo, kisha akiendelea na shughuli zake. Hakuhitaji kusema.

Alimwona daktari wa viungo kama alivyoahidi. Shingo ilipata nafuu lakini haikurudi. Aliendelea kwenda Sidab kila Alkhamisi na vioo vyake vya duara, na bampa halikupata mkwaruzo wa nne. Mimi sikumfuata tena. Lakini kati yetu palikuwa pameingia kitu. Nikimwambia daktari amesema dawa mbili kwa siku, aliisoma chupa mwenyewe. Nikimwambia dada yangu aliyebaki Unguja amepiga simu na kusalimia, alimpigia akahakikisha. Alifanya hivyo kwa upole, bila ya ugomvi, kama anavyopima mtu uzito wa samaki kwa mkono hata baada ya kuonyeshwa mizani.

Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa elfu mbili, nilirudi kutoka kazini siku moja nikakuta mahali pa gari yake ni patupu. Nikakaa barazani nikamsubiri. Ilipokaribia magharibi khofu ikanishika, nikaingia ndani kutafuta nambari ya kumpigia mtu yeyote, nikamkuta Mama jikoni anakuna nazi.

"Gari iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Umeiuza? Lini? Kwa nani?"

"Jana nimekubaliana, leo wamekuja kuichukua. Mume wa yule msichana wa Sidab, niliyemzalisha pacha." Akaendelea kukuna. "Juzi nilimpita mtu ubavuni kwenye ile njia ya mlimani ya kwenda Sidab. Mtu kwa miguu. Sikumwona mpaka nimeshampita. Hakuumia, wala hakujua. Lakini mie nimejua."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwuliza, "Kwa nini hukunambia, Mama? Ningekusaidia kuiuza."

Akaacha kukuna. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ghala macho yake hayakuwa na uchunguzi ndani yake, yalikuwa yamechoka tu.

"Ningekwambia ungefurahi," alisema. "Sikutaka kukuona umefurahi."

Alkhamisi iliyofuata nilimpeleka Sidab mimi. Alikaa pembeni yangu, mkanda amefunga, na kila nilipotaka kuhama mstari alininyooshea kidole begani kunikumbusha nigeuze kichwa. Nikageuza.